Protini Isiyoshuka

Fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, alitolewa korodani moja iliyokuwa na saratani, akaambiwa ashukuru kwa kuwa imegundulika mapema. Kilichobaki ni kungoja alfa-fetoprotini ishuke. Hiyo, daktari alimweleza, ni protini ambayo mtoto huitengeneza kwa wingi akiwa tumboni mwa mama. Kwa mtu mzima hubaki kidogo sana, na ikizidi, huenda kuna uvimbe unaoitoa.

Haikushuka. Wakampiga picha mwili mzima, hawakuona kitu. Wakamlaza, wakamtundikia dripu za dawa kali za saratani. Nywele zikamtoka, na kila alichokula kikawa na ladha ya ile misumari aliyozoea kuibana midomoni akiwamba viti. Protini ikakaa palepale.

"Tuongeze dripu nyingine," daktari akasema.

Sponji akageukia dirisha la wodi, lenye nondo. Akikataa, amejiua. Akikubali, anamalizwa taratibu. Mkewe alipomwambia avumilie, aliitikia kwa kichwa tu, maana hata kulalamika kulitaka nguvu.

Saa ya kuona wagonjwa, dada yake mdogo, mjamzito, akaingia macho yamevimba.

"Kaka, na mimi kliniki wamenipima damu. Wanasema protini iko juu mno, huenda mgongo wa mtoto haujafunga."

"Protini gani?"

"Hiyohiyo yako." Akajaribu kucheka. "Tangu utotoni hatujaacha kugombania vitu."

"Na picha je?"

"Mgongo ni mzima, mtoto anarusha mateke tu. Ila bado wananiita kupimwa tena na tena."

Daktari, aliyekuwa akimwona mgonjwa wa kitanda cha pili, akageuka. "Ninyi ni baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Mama yupo?"

"Yuko hapo mlangoni, anabishana na mlinzi."

Mama akaitwa, akapandisha mkono wa gauni atolewe damu. "Nimezaa, nimelea, leo mnataka kuniambia nina damu ya kichanga?"

Majibu yakaja: naye protini yake iko juu, na hana ugonjwa wowote. Daktari akawaeleza kuwa zipo familia chache ambazo watu wake huzaliwa hivyo, wala si maradhi. Dada akacheka huku machozi yanamtoka. Baadaye akajifungua mtoto wa kike, mzima kabisa.

Sponji hakucheka. "Kwa hiyo zile dripu?"

Daktari akainamisha macho. "Tungejua mapema, tusingekupa."

"Na saratani ikirudi, mtajuaje?"

"Kwako kipimo hiki hatuwezi kukitegemea. Itabidi uje upigwe picha kila tutakapokuita."

Akarudi kwenye karakana yake. Dawa zilikuwa zimemtia ganzi ncha za vidole. Alijichoma sindano asihisi, mpaka aone damu kwenye kitambaa cha mteja. Na simu ya hospitali ikilia, aliacha kochi limekaa tumbo wazi, akaenda kulala ndani ya ile mashine nyembamba ya kupigia picha. Sauti ikamwambia abane pumzi. Akabana.