Lango la Zizi la Oiva

Oiva Remes aliendelea kuamka alfajiri ya kukamua hata baada ya kuuza ng'ombe wote. Alikaa jikoni na kahawa yake mpaka mji wa Kiuruvesi uamke. Nyumba yake mpya ilikuwa ya safu, ukuta kwa ukuta na majirani, na dirisha lilitazama maegesho ya magari.

Mpwa wake Säde, fundi wa kompyuta, hakuweza kuivumilia hali hiyo. Majira yote ya baridi alijenga shamba la mjomba wake ndani ya mchezo wa ukulima: malisho, msitu wa misonobari, zizi, na ng'ombe sitini. Majina yao Oiva aliyataja kwa kichwa, bila kusita.

Ilibaki kompyuta. Säde aliiunganisha juu ya meza ya jikoni.

"Mjomba, memori ya giga kumi na sita inawatosha watu wengi."

"Tutaona. Fungua lango."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Kila Mei, ng'ombe waliofungiwa tangu theluji ya kwanza hufunguliwa, na watu hujaa uani kuwatazama wanyama wazima wakiruka kama ndama. Lakini malori ya mnunuzi yalikuja Machi, theluji ikiwa bado magotini. Ng'ombe wa Oiva hawakuiona Mei ile.

Säde akabonyeza. Lango likafunguka, wa mbele wakatoka, kisha picha ikakwama. Kundi zima likaganda mlangoni. Nyuma kabisa, gizani, alionekana Omena, ng'ombe mzee mwekundu ambaye miaka yote alikuwa wa mwisho kutoka.

"Memori imezidiwa," alisema Säde. "Tupunguze ng'ombe nusu, itakwenda vizuri."

"Nusu ipi?"

Säde akashika kipanya.

"Nakuuliza wewe msomi. Nusu ipi ibaki ndani?"

"Si lazima uchague wewe, mjomba. Mashine itachagua."

"Na mwenye lori aliniambia hivyohivyo. Nikae ndani, nisijisumbue, atapakia yeye." Oiva akasukuma kikombe pembeni. "Memori kubwa zaidi hakuna?"

"Ipo ya thelathini na mbili. Labda itatosha."

"Labda siitaki."

"Basi ipo ya sitini na nne, lakini hiyo ni kufuru! Hata vijana wanaocheza vita usiku kucha hawana."

"Vijana hao wana ng'ombe wangapi?"

"Hawana hata mmoja."

"Haya. Weka hiyo."

Wiki iliyofuata Säde alirudi na vibao vipya vya memori, akavipachika, akafunga kasha. Oiva hakutaka kukaa. Alisimama nyuma ya kiti, kofia kichwani, kama alivyokuwa akisimama uani. Safari hii alibonyeza mwenyewe.

Lango likafunguka. Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja, taratibu, kama watu watokao kanisani.

"Hawaruki," alisema.

"Mchezo haujui kuruka, mjomba. Hilo memori haiwezi kuliponya. Nisamehe."

Oiva aliendelea kutazama mpaka zizi likabaki na kivuli kimoja. Omena akaja, kichwa chini, akavuka kizingiti bila haraka, akasimama juani.

"Huyu hakuwahi kuruka maishani mwake," alisema Oiva. Akavua kofia, akaketi.