Elfu Mia Moja na Tatu

Hali ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa hisabati na kutulia Kitui. Mwenzangu, aliyenitangulia katika kazi hiyo hiyo, aliishi peke yake huko Tawa tangu mkewe afariki. Kila juma nilimpigia simu nikamtajia namba kubwa, naye akatafuta kama ni tasa, yaani haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndio mchezo uliotubakia. Binti yake wa pekee, mkazi wa Nairobi, alikuwa ameona babake akisahau sufuria motoni. Akaniomba nimpime kwa njia ninayoijua. Akili ikiwa timamu, angemwacha katika boma lake, alikotaka kuzikwa. Ikiwa imechoka, angemhamishia kwake.

Nilichagua namba tasa iliyo ndogo kuliko zote zenye tarakimu sita, nikaitamka polepole: elfu mia moja na tatu.

Alicheka papo hapo. "Mwalimu, umezeeka wewe. Namba yenye sifuri tatu mkiani? Hiyo hata mbuzi wa mnadani anaigawa."

Binti, aliyekuwa amemtembelea siku hiyo, alichukua simu, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa nimesikia mwenyewe.

Nilisafiri kwenda Tawa kumuaga kabla hajahamishwa, na ni njiani nilipolipima tamko langu. Kiswahili tulikipokea shuleni, baada ya Kikamba, na tulipokipokea hatukuuliza neno elfu linakomea wapi. Elfu mia moja, kisha tatu: hiyo ndiyo niliyoikusudia. Elfu zilizo mia moja na tatu, yaani 103,000: hiyo ndiyo aliyoisikia, na jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Miguu iliniuma, lakini nilipanda kilima cha kwake nikiwa na neno la kumtetea.

Nilimweleza binti, naye akakubali tumpime upya. Nikaandika kwa chaki juu ya meza: 100,003.

Mzee aliitazama. "Ah. Hii sasa ina heshima zake."

Kabla sijamuuliza, alisema hakuna haja ya kuvuka mia tatu na kumi na tatu, kwa kuwa tasa inayofuata ikizidishwa kwa yenyewe huipita namba hii. Kisha akaanza kugawa, kwa kichwa tu. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, saba. Kwa kumi na saba, tisa. Binti, aliyesimama mlangoni, alianza kutabasamu, nami nikavuta kiti nikae.

"Kumi na saba," akasema mzee. Akagawa upya kwa utulivu ule ule, akapata tisa. Akapumua. "Sasa kumi na saba."

Hakuna baki hata moja alilokosea.

"Hiyo umeshaifanya, baba," binti akasema.

"Ipi?"

Binti alinitazama mimi, si babake. Nilichukua kitambaa nikafuta chaki, maana mzee alikuwa ameinua kidole aanze tena.

Ugawanyaji uliobaki niliumaliza mwenyewe Kitui. Namba ile ni tasa. Mwisho wa mwezi binti alimchukua babake Nairobi, na nyumba ya Tawa ikapangishwa.