Bendi ya Ng'ambo ya Mto

Nikisikia spika ndogo ya memori kadi ikikoroma kwa sababu betri inaisha, hasira hunipanda, hata kama wimbo wenyewe ni wa kanisani. Mnivumilie. Nitawaeleza nilikoitoa hasira hiyo.

Nililelewa kwa shangazi yangu kijijini Nyansurura, Serengeti, nikarudi kwetu Tarime kuanza kidato cha kwanza. Shule yetu ilijengwa mpakani mwa koo mbili zilizoibiana ng'ombe tangu enzi za mababu, kwa imani kwamba watoto wakikaa dawati moja watasahau. Hawakusahau. Watoto wa ukoo wetu walikula mihogo yao chini ya ukuta wa maabara, wa ng'ambo ya mto wakala kule bombani, na mimi nikala peke yangu karibu muhula mzima. Wa kwetu waliniita mtalii. Yaani kosa langu lilikuwa kutoka Serengeti.

Kwa hiyo Wankuru, binti wa ng'ambo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, aliponiita bombani, nilikwenda mbio. Alikuwa ameficha ndani ya sweta kiredio cha memori kadi, kikikoroma kwa betri kuisha. Akanipa upande mmoja wa hedifoni unaonuka mafuta ya nywele, mwingine akabaki nao. Hapo ndipo nilipowasikia Vijana wa Ng'ambo kwa mara ya kwanza: litungu, ala yetu ya nyuzi, likinguruma chini, kinanda juu yake, na mwimbaji mwenye sauti kavu akiimba Kikurya kama mtu anayesimulia huku anatembea. Mwili ulinisisimka. Nilisahau muhogo mkononi.

Tangu siku hiyo nilikuwa na pa kukaa. Wankuru na wenzake walinifundisha wimbo mmoja wa bendi hiyo, wa kusifia zizi la tajiri wa kwao: ng'ombe wa kijivu mwenye pembe moja iliyoinamia jicho, asiyekubali kukamuliwa mpaka aimbiwe, na ndama wake wawili. Kila nilipokosea walinirudisha nyuma.

"Hapo kwenye pembe, polepole," Wankuru alisema. "Watu wasikie vizuri."

Sijawahi kupata mwalimu mwenye subira kama ile. Shangazi alizoea kusema mtu akikuchekea sana, shika mfuko wako. Mimi sketi yangu haikuwa na mfuko.

Jumamosi moja nilikuwa uani napukuchua mahindi, naimba kwa sauti yote. Baba alikuwa ananoa panga. Akaacha.

"Rudia hapo kwenye pembe," alisema.

Nilirudia kwa furaha, nikidhani na yeye nimempatia bendi mpya. Akauliza habari za ndama, nikamwimbia na ndama. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unajua unamwimba nani?" akaniuliza. "Huyo ni ng'ombe wangu. Walimchukua ulipokuwa kwa shangazi yako."

Nilijua tuliibiwa, lakini ng'ombe mwenyewe sikuwahi kumwona. Baba hakunigombeza. Aliendelea kulitazama lile panga, na siku hiyo hakula.

Jumatatu Wankuru hakunipa hata salamu.

"Mzee wako amesikia?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikasema ndiyo, amesikia.

"Akasemaje?"

"Amesema nirudie."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia bomba wasianguke. Wankuru akaizungusha hedifoni kwenye kiredio chake, akakirudisha ndani ya sweta. "Basi," akasema. "Nenda kwa wenzako." Baba alipeleka shauri kwa wazee, wakamjibu kwamba wimbo haufungwi kamba ukaletwa barazani kuwa shahidi. Ng'ombe hakurudi.

Kwa miaka mingi niliamini wale wasichana walinichukia, na nilijiliwaza kwa hilo, maana anayechukiwa angalau ameonekana. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hawakunichukia hata kidogo. Tusi lilikuwa la baba. Lilihitaji mdomo wa kulifikisha uani kwake, na mimi nilikuwa na njaa ya watu, basi wakaazima wangu. Angekuwepo mwingine mwenye njaa kama yangu, wangemtuma huyo.

Na ile bendi? Mpaka leo sijasikia nyingine ninayoipenda zaidi. Ng'ombe ningeweza kuwasamehe. Hilo siwasamehe.