Mwokaji Keki na Usingizi wa Mchana

Jirani yetu mwokaji keki ana mikono mipana yenye unga hadi viwikoni, na sauti yake utaisikia kabla hujafungua mlango. Keki zake anazila bila wasiwasi, ila kipande chembamba, tena baada ya maharage na mboga, na akimaliza tu huinuka kufagia kibaraza. "Sukari ikiingia kwenye damu inatafuta kazi," husema. "Misuli ikijishughulisha, inaichukua. Ukikaa tu, inabaki inazurura." Mumewe, dereva wa lori, alikuwa hasikii.

Mchana mmoja nilifuata mkate nikamkuta mume ameshushia sahani ya viazi vya kukaanga kwa soda mbili, ameegemea kiti, macho mazito. Wiki hiyo daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari yake inapanda, na akiendelea kupuuza atapoteza macho. Mwokaji aliongeza sauti ya redio, akamnyooshea mkono.

"Baba, inuka tucheze."

"Niache, mama, nimeshiba."

"Ndiyo maana nakuinua."

Akamvuta. Walicheza kati ya jiko na magunia ya unga, mume akiburuza miguu na kulalamika, mwisho akaacha kulalamika. Wateja tulisubiri. Uso wa mwokaji, ambao haukosi mzaha, ulikuwa umelala begani kwa mumewe, na mikono ile mipana imemkamata shati kwa nguvu. Wimbo ulipoisha alijifuta machozi, akajipaka unga shavuni, akanyoosha mkono kuzima redio.

Mume alikuwa anahema, jasho likimtiririka. "Usizime," alisema. "Unakuja mwingine."