Mkono Aliouchagua Reuben

Lois Mshai alikuwa amefundisha chekechea huko Chawia kwa miaka ishirini na minne. Alipopata habari kwamba walimu wa madarasa ya chini watahudhuria mafunzo mjini Voi kila Jumamosi kwa muhula mzima, alimfuata mumewe, Stephen, shambani akamwambia, "Sasa nitafundishwa kufundisha na watu niliowafundisha mimi kushika penseli."

Stephen hakuinua kichwa kutoka kwenye tuta la sukuma wiki. "Nenda tu. Wakikosea, utawasahihisha."

Akaenda. Wenzake wengi walikuwa wasichana wa juzijuzi, kama Moureen, aliyefundisha Mraru na aliyeandika kila neno kwenye simu. Walikalishwa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakigusa kidevu, na Lois akaona ameaibishwa bure. Lakini mkufunzi, Bi Rachel, alikuwa mtu wa sauti ya chini asiye na majivuno, na hilo lilimfanya Lois arudi Jumamosi ya pili.

Siku hiyo walipewa kazi ya kufanya shuleni. Kila mwalimu amchague mtoto anayemsumbua, amtazame kwa dakika kumi bila kusema neno, kisha aandike.

Lois hakuhitaji dakika kumi. Alimjua Reuben, mtoto wa miaka mitano aliyeandika herufi moja huku wenzake wakimaliza mstari. Aliandika: "Reuben ni mvivu. Hapendi kuandika."

Jumamosi iliyofuata Bi Rachel aliyasoma maneno hayo taratibu. "Mwalimu Lois, huo uvivu uliuona?"

"Nimeuona mwaka mzima."

"Alikuwa anafanya nini ulipouona?"

Lois akayasoma tena maneno yake mwenyewe. Moureen akainamia simu yake kwa heshima.

"Niandikie alichofanya," Bi Rachel akasema. "Hicho tu."

Maneno hayo yalimuudhi Lois, na Stephen alipomuuliza jioni walichojifunza, alijibu kwamba amechoka. Hata hivyo, Jumatatu alikaa pembeni mwa darasa na daftari mapajani, akanyamaza. Kunyamaza kulimshinda mara mbili. Mara ya tatu akaweza.

Aliandika: anakunywa maji, kikombe mkono wa kushoto. Anarusha mpira, kushoto. Anamenya ndizi, kushoto. Anaokota penseli, kushoto. Anainua macho, ananitazama. Anaihamishia kulia.

Hapo kalamu ya Lois ikasimama. Alikumbuka wiki ya kwanza ya muhula, yeye mwenyewe akipita kati ya meza, akiichomoa ile penseli kwa upole na kuiweka panapostahili. "Kulia, baba. Kulia." Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na minne, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Akamwendea, akachuchumaa. "Reuben, andika kwa mkono unaoutaka wewe."

Mtoto alimtazama kama mtu anayetegewa mtego. Kisha akaihamisha penseli, akaandika *a*, akaandika nyingine, akajaza mstari, akageuza ukurasa bila kuambiwa.

Siku mbili baadaye nyanya yake alifika shuleni, kitenge amekifunga barabara. "Mwalimu, huyu mtoto anasema umemruhusu kushoto. Kesho atanipa chakula kwa mkono huo?"

"La, mama. Akusalimie kwa kulia, akupe kitu kwa kulia. Penseli tu aachiwe."

Bibi akafikiria. "Penseli tu?"

"Na mpira."

"Mpira sina shida nao," akasema bibi, wakacheka wote wawili.

Jambo lingeishia hapo, ila Lois alikosa raha kwa sababu ya Ngui. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani. Mkono wake wa kushoto Lois aliufunga kwa kitambaa kwa wiki nzima, na sasa alikuwa mchoraji wa mabango Mraru. Jumamosi, mafunzo yalipokwisha, Lois alifuatana na Moureen hadi huko. Walimkuta Ngui kwenye ukuta wa duka, brashi mkononi. Mkono wa kushoto.

"Nimekuja kwa habari ya kile kitambaa," Lois akasema.

Ngui akaweka brashi chini. "Nilidhani umesahau, mwalimu."

"Nilikuwa nimesahau. Juzi ndio nimekumbuka. Nilikukosea."

"Nililia sana wiki ile," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka fulani. "Lakini kusoma ulinifunza wewe. Yote mawili nayakumbuka." Akafuta mikono, akawatafutia viti. Kisha akasema, "Nina mtoto, Shanice. Anaingia chekechea mwakani. Naye ni wa kushoto. Nilikuwa na wasiwasi."

"Atakuwa kwangu," Moureen akasema. "Hataguswa huo mkono."

Ngui aliwanunulia soda, wakaketi kivulini wakizungumza habari za rangi, na jinsi anavyoanza neno kutoka mwisho ili asilichafue kwa kiganja. Lois akauliza maswali mengi. Hilo la kiganja hakuwahi kulifikiria, na Jumatatu alimgeuzia Reuben daftari kidogo upande, mkono usipite juu ya maandishi.

Muhula ulipokwisha walipewa vyeti. Stephen alitaka cha mkewe kitundikwe sebuleni, Lois akasema kitakaa kabatini, wakabishana, kikatundikwa. Lois alijali zaidi lile daftari. Lilikuwa na majina kumi na tisa ya watoto ambao bado hajawatazama, na alikuwa ameamua kuanza na binti mmoja anayeimba peke yake wakati wenzake wanahesabu.