Tia, Dada

Mimi pombe siinywi, asiyeamini aje aniapishe. Kilichonipeleka kwa jirani yangu Grasiana ni machicha ya pombe ya kumlisha ng'ombe wangu. Hapa Mnyuzi hakuna aliyechuja pombe ya mahindi kama yeye na dada yake Paulina. Kimea kikishalainika kwenye maji ya moto, walikimimina kwenye kapu lililotandikwa gunia. Maji matamu yakichuruzika, Paulina aliyasuuza machicha kwa maji ya moto, kata moja moja, taratibu. Ukimwaga kwa pupa, maji hupita pembeni na utamu hubaki. Grasiana, mwiko mkononi, alisema, "Tia, dada," na dada akatia. Ng'ombe wangu aliambulia makapi matupu! "Nyie mnakamua mpaka roho," niliwaambia, nao wakanicheka.

Paulina akafariki masika yaliyopita. Pombe iliyofuata nilimkuta Grasiana peke yake. "Tia, dada," akasema, akangoja, kisha akatia mwenyewe. Wallahi, mwili ulinisisimka.

"Grasiana, unasema na nani?"

"Na dada. Nikingoja, huja. Nasikia pumzi zake hapa begani. Ila akikuta mwingine ameshika kata yake, hatarudi tena. Usije ukaigusa, Hajira."

Mwanzoni kule kungoja kulimfaa: maji yalipenya vizuri, wanywaji wakasifu. Lakini akazidi kungoja, maji yakazidi unga. Machicha yakawa yanapoa, pombe inachacha, wanywaji wakahama. Mwenyewe akakonda. Niliogopa kwenda kwake, na nilipoacha kwenda niliogopa zaidi.

Jumamosi iliyopita nilimkuta juani anayumba, maji yanachemka bure.

"Tia, dada."

Akangoja.

"Tia, dada." Sauti imemkauka.

Lo! Hasira zikanipanda, na huruma, sijui kipi kilitangulia. Nikaishika kata, nikachota, nikamwaga kidogo kidogo kama marehemu. Chini ya kapu maji matamu yakaanza kuchuruzika.

Grasiana alikuwa amefumba macho. Akatabasamu, akaanza kukoroga. "Ahsante, dada. Leo umechelewa."

Nikachota tena, maji yakaniunguza, nikaguna.

Akafumbua macho. Akaitazama kata, kisha akanitazama mimi. Siku ya maziko hakulia, lakini pale alilia hadi akakaa chini.

"Hajira," akasema, "sasa ndio amekufa."