Fungua Mpaka Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza filamu nzima ya harusi, na niliiunguza kwa kutii amri.

Studio ilikuwa Kitui mjini, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Mwenye studio alikuwa Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na mji mzima ulimwita Mzee Studio. Alinichukua kwa sababu nilijua kusoma na sikuwa mwoga wa watu. Saa nne asubuhi wakaingia bwana harusi na bibi harusi kutoka kanisani. Mzee akapiga picha kadhaa, kisha wingu likafunika jua na chumba kikaingia giza. Akanipa kamera niishike ili akanyooshe shela ya bibi harusi, na bila kugeuka akasema, "Binti, giza hilo. Hebu fungua kidogo."

Mimi nikatafuta cha kufungua. Nikaona kitasa kidogo ubavuni, nikakivuta, na mlango wa nyuma wa kamera ukafunguka vizuri kabisa. Nikafurahi.

"Unafanya nini wewe?" Mzee akapiga kelele.

"Umesema nifungue."

"Nimesema ufungue mwanya! Mwanya!"

Nikajishika meno. Kwetu mwanya ni ule wa meno ya mbele, na mimi sinao. Bwana harusi akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Alichomoa ile filamu iliyokwisha kuungua kwa mwanga, akaweka nyingine, akawapanga upya maharusi kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya sala ya alasiri ndipo nikamsikia nyuma ya pazia akicheka peke yake.

Mwelewe, nyinyi mnaosoma haya: nyumbani tulizungumza Kikamba, na Kiswahili tulikuwa nacho cha kutuvusha sokoni. Kufungua kulikuwa kwa mlango, kwa mbuzi na kwa fundo la kanga. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kufungua kitu bila kitu kufunguka.

Jioni hiyo Mzee akanieleza. Mwanya ni tundu lililo ndani ya lenzi, na lenzi ndiyo jicho la kamera. Ukizungusha mviringo ulio juu ya lenzi, tundu linapanuka au linajibana. Kwenye mviringo kuna namba: mbili, nne, nane, kumi na sita.

"Namba ndogo, tundu kubwa," akasema. "Namba kubwa, tundu dogo."

"Kwa nini, Mzee?"

"Ndivyo ilivyo."

"Lakini kubwa ni kubwa."

"Binti, utanitia wazimu. Ndivyo ilivyo!"

Nimestaafu na bado sijaelewa. Nilijitungia njia yangu tu: nafikiria watu mlangoni. Wakisimama wawili, nafasi ya kupita ni kubwa. Wakisimama kumi na sita, utapenya wapi? Kwa watu hao wa mlangoni nimelisha familia yangu, lakini ukiniamsha usingizini ukaniuliza, nitakosea.

Baada ya miaka michache Mzee alinituma Mutomo kusimamia tawi. Tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye kitambaa cheusi ukutani na benchi. Kazi kubwa ilikuwa picha za kipande, kile kitambulisho cha serikali. Wazee waliingia na vumbi la ng'ombe miguuni, wakaketi, wakakaza macho kana kwamba nawashtaki. Filamu niliiosha mwenyewe kwenye chumba cha giza. Kuosha ni kuipitisha kwenye dawa mpaka picha zitokee, na siku moja mama mmoja alinirudishia filamu aliyoiosha kwao kwa sabuni ya mche. Nilimcheka sana. Nilikuwa nimeshasahau ile harusi niliyoiunguza Kitui, unaona?

Mzee alipozeeka akauza biashara kwa mtu mwenye duka Kibwezi, kwenye barabara ya Mombasa. Huyu alikuwa Mkristo kutoka Murang'a, mkali wa saa na mpole wa moyo, nasi tulimwita Meneja. Akanihamishia Kibwezi, kwa sababu pale aliuza pia kamera za mitumba. Ndipo nilipojifunza kumchagulia mtu kamera, na hilo ndilo mnaloniuliza kila siku: ninunue kamera gani, nami mfuko wangu ni mwepesi?

Meneja aliniambia, "Mama Ndinda, mteja akiwa na pesa kidogo usimwonyeshe kamera. Mwonyeshe lenzi. Kamera ni sanduku tu."

Alikuwa sawa. Wateja walitaka sanduku kubwa linalong'aa. Mimi niliwapa wachungulie ndani ya lenzi wakielekea dirishani. Lenzi nyingi kutoka pwani zilikuwa zimeota ukungu ndani, nyuzinyuzi nyeupe, na hizo hata upewe bure usichukue. Za kutoka kwetu zilikuwa na mchanga, ukizizungusha zinasaga. Halafu unasikiliza pazia, lile linalofunguka na kufunga haraka unapobonyeza: likikwama hata mara moja, rudisha. Mwisho unafungua mlango wa nyuma, mlango kweli sasa, na kubonyeza sifongo nyeusi za pembeni. Zikiacha lami kwenye kidole, mwanga utaingia.

Siku moja ya likizo ya shule akaja Mwalimu Musembi kutoka Ikutha. Alishuka kwenye lori, shati limejaa vumbi jekundu, akaulizia kamera ya kioo ya bei nafuu. Kamera ya kioo ni ile ambayo ukichungulia unaona kile kile lenzi inachokiona, kwa sababu ndani kuna kioo kinachoruka juu unapobonyeza.

"Ni ya biashara?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni ya kupenda tu." Akapapasa mfuko wa shati. "Na ni ya mama."

Akatoa kipande cha marehemu baba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa picha pekee ya mzee yule duniani, na alionekana kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wenyewe. Nikaangalia kitambaa cheusi nyuma ya kichwa chake na mikunjo yake. Woi! Kilikuwa kitambaa changu cha Mutomo. Mimi ndiye niliyempiga picha ile.

"Mama anaumwa," akasema Mwalimu. "Anaenda hospitali Mutomo na kurudi. Sitaki naye abaki hivi."

Sikumwambia ile picha ni yangu. Nilianza tu kumchagulia kamera kwa bidii ya ajabu.

Yeye alitaka lenzi ndefu ya kuvuta mbali, kwa kuwa mama yake hapendi kutazamwa. Nikamkatalia. Lenzi ndefu ya bei rahisi ina tundu dogo, inataka jua kali, na mama huyo, kwa maelezo yake, alikuwa akishinda mlangoni pa jikoni kivulini akisuka kyondo, kikapu chetu. Nikamwambia achukue sanduku la zamani lililokwaruzwa na lenzi fupi ya kawaida, ile ya milimita hamsini, ambayo wengi huidharau kwa sababu haivuti chochote. Ni nyepesi, ni rahisi, na inafunguka kuliko zote. "Wewe sogea karibu na mama yako," nikasema. "Miguu yako ndiyo ya kuvuta."

Tulibishana saa nzima juu ya namba. Mtu wa hesabu huyo!

"Kwa hiyo mbili ni kubwa kuliko kumi na sita?"

"Tundu."

"Lakini mbili..."

"Mwalimu, fikiria watu mlangoni!"

Mwishowe nikamwandikia karatasi: *Kivulini fungua mpaka mwisho. Juani funga. Mwanga ukiingia, filamu imekwisha.* Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaondoka akiwa na furaha ya mtoto. Nami nilifurahi. Kamera ilikuwa sawa na lenzi ilikuwa sawa. Mpaka leo ukinipa mteja yule nitamchagulia zile zile.

Alirudi baada ya wiki tatu. Kwenye kaunta akaweka kamera, kasha la filamu na ile karatasi yangu, vyote pamoja.

"Mlango ulifunguka," akasema. "Jaribu kuokoa chochote. Mama amelala. Tumemzika Alhamisi."

Sikumuuliza ulifungukaje. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Fungua mpaka mwisho. Mwandiko wangu mwenyewe. Nikamsikia Mzee Studio akisema fungua kidogo. Nilikuwa nimemwandikia mtu neno lile lile lililoniangusha mimi, na nikasahau kuandika kitu cha kufungua.

Niliiosha filamu mwenyewe. Zote zilikuwa zimeungua isipokuwa moja, iliyojikunja ndani kabisa ya roli. Nusu yake ya juu ilimezwa na weupe. Chini mikono miwili ya mama imeshika kyondo kilichofika nusu, vidole vyembamba, nyuzi za mkonge zimening'inia, safi kabisa. Uso haupo. Lenzi ilikuwa imefanya kazi yake.

Mwalimu aliitazama muda mrefu. "Hii ni mikono yake," akasema. Kisha akaniuliza, "Mama Ndinda, kamera ilikuwa na shida gani?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Mdomo wangu ukasema, "Mlango umelegea. Kamera za bei rahisi ndivyo zilivyo."

"Basi iuze. Mimi na haya mambo tumemalizana."

Sikuiuza. Niliiweka rafu ya juu, na kila mteja aliyeiulizia nilimwambia ina mtu wake. Meneja aliniuliza mara mbili, kisha akaacha. Nilijaribu mlango ule siku ngapi! Nafunga, natikisa, napiga kwa kiganja. Ulikuwa mzima kama wa benki. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka ulegee kweli ili nipone. Miaka ikapita, dawa zikaanza kunikereketa kifua, macho yakachoka, na siku ya kuniaga Meneja akasema nichague kitu chochote dukani. Nikaichukua ile kamera. Akatikisa kichwa, "Mama Ndinda, na zote hizi nzuri?"

Nilikuwa nimekaa nyumbani hapa Kibwezi kama miezi minne Mwalimu alipobisha hodi. Nywele zimekuwa nyeupe. Naye alikuwa anastaafu, alipita studio kupiga picha za pasipoti za pensheni, akaambiwa nimeacha kazi, akaja kunijulia hali. Kabla chai haijachemka nikaenda ndani, nikaleta kamera, nikaiweka mezani mbele yake.

"Mwalimu, mlango huu haukulegea. Nilikudanganya. Ni karatasi yangu. Nilikuandikia ufungue, nawe ukafungua."

Alinitazama kama haelewi. "Mimi? Mimi nilijua ni mviringo. Si ulinifundisha?"

"Sasa nani alifungua?"

"Mama."

Nikakaa chini.

"Nilipiga chache pale mlangoni," akasema, "halafu mwanga ukapungua, ile sindano ya kupima mwanga ndani ya kamera ikashuka. Nikatoa karatasi, nikaisoma kwa sauti kwa Kikamba ili naye aelewe ninafanya nini. Nilipofika *vingua*, fungua, nikawa natafuta miwani nione namba. Akaninyang'anya kamera. Akasema, 'Mwanakwa, mwanangu, umeambiwa ufungue na wewe umesimama tu?' Akakivuta kile kitasa. Mlango pwaa! Akaniangalia vile nilivyoshika kichwa, akacheka. Mama Ndinda, alicheka mpaka kyondo kikamdondoka. Tangu augue hakuwa amecheka."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungemcheka mama yangu. Nilikuwa nimetoka kumzika."

Miaka yote hiyo nilibeba kosa ambalo sijui sasa ni la nani. Je, kama ningeandika vizuri angekuwa na uso wa mama yake, lakini asingekuwa na kile kicheko? Nimeligeuza hili mpaka kichwa kinauma. Ninachojua bila kuchanganyikiwa ni hiki kimoja: ule uongo wa mlango ulikuwa wangu peke yangu, na ulimnyang'anya kamera yake kwa miaka yote ambayo angeipenda.

Nikamwomba msamaha. Akaivuta kamera kwake, akaipangusa vumbi kwa shati, akachungulia.

"Wewe una picha yako, Mama Ndinda?"

Nikafikiri. Kipande ninacho. Picha nyingine sina. Mpiga picha nani humpiga?

"Nenda pale mlangoni kivulini."

Nikaenda, nikaketi kwenye kigoda, sikujua mikono niiweke wapi. Nikajikuta nakaza macho kama wazee wangu wa Mutomo. Mwalimu alipiga goti.

"Nifungue mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho," nikasema. "Mviringo! Si mlango!"

Tukacheka wote, naye akabonyeza. Nilisikia pazia likipita, safi, halijakwama hata kidogo. Hapo ndipo nikakumbuka.

"Mwalimu, hiyo haina filamu."

"Najua," akasema, jicho lake likiwa bado kwenye kamera. "Usiondoke."